Baba, Jani Lile Halikuwa na Harufu

Baba,

Kuna kitu sijamwambia mtu yeyote. Si Mama, si Kendi, si pasta. Hata Mungu nimekuwa nikimzungusha, nikiomba juu ya mitihani na mvua. Jumamosi ile ya mwisho uwanjani, nilipovunja jani la mkaratusi na kulileta puani, sikusikia harufu yoyote. Nikaandika "Ndiyo" mbele ya jina langu.

Sasa nimeiandika na hii. 

Nilianza kwa Kiingereza, kikatoka kama barua ya kuomba ruhusa kwa mwalimu mkuu. Kiembu nacho kinanifanya nilie kabla sijafika mstari wa pili. Basi nakuandikia kwa Kiswahili, kwa sababu hili ni jambo la uwanjani, na uwanjani ulitaka Kiswahili. Ukishavuka yale majani chai na filimbi shingoni ulikuwa unageuka mtu mwingine. "Hapa mimi si baba ya mtu," uliniambia siku ya kwanza. "Hapa mimi ni Kocha, na tutaongea Kiswahili ndio Kendi wa kule Maua asiseme tunamsengenya." Naye Kendi, kapteni wetu, na mdomo wake: "Msengenye tu, Kocha. Kiembu si ni Kimeru kimechoka? Nasikia kila kitu." Ulicheka mpaka ukasahau kupuliza filimbi.

Nimekumbuka hiyo nikacheka peke yangu hapa mezani. Halafu nikakumbuka hupo.

Unakumbuka vile ulivyofungua uwanja? Korona ilikuwa imefunga shule miezi mingi, wavu ulikuwa stoo juu ya mifuko ya mbolea, panya wameanza kuula. Serikali iliposema michezo inaweza kurudi polepole, makocha wengine walipuliza filimbi siku hiyo hiyo. Wewe ulingoja wiki mbili zaidi. Ulienda kwa chifu, ukaenda kwa mhudumu wa afya wa kijiji, ukarudi na karatasi ukazisoma na kalamu nyekundu kama unasahihisha insha ya mtu. Mama akakuuliza, "Mzee, ni voliboli unarudisha ama ni hospitali unafungua?"

Ulichora miduara ya chokaa kwenye nyasi, hatua mbili kubwa kati ya mmoja na mwingine. Hatua zako, si zetu. Tuliingia sita sita. Mpira ulioshwa kwa karai la maji ya sabuni hadi ukaanza kubambuka. Kila mtu na chupa yake, kila mtu na kikombe chake cha uji. Wiki ya kwanza hukutuacha turuke hata kidogo. Tulitembea na kunyoosha viungo kama wazee, wasichana wakalalamika, ukasema miili imelala miezi mingi na haiamshwi kwa kupigiwa kelele.

Halafu jani. Hilo halikuwa kwenye karatasi ya mtu yeyote, ulilitoa kichwani mwako. Ile bunduki ya kupima joto uliyoazima ilikuwa inapatwa na baridi ya hapa Kianjokoma, inasoma kana kwamba sisi wote tumeshakufa. Ukairudisha. Ukaangalia ule mstari wa mikaratusi kando ya uwanja, ukasema sawa, kila mtu atavunja jani lake mwenyewe, alisugue, anuse. Asiyesikia harufu ya mkaratusi aende nyumbani, na timu nzima ikae siku kumi na nne. Hakuna kujadiliana.

Daftari ukanipa mimi. Mimi ambaye nikiitwa jina darasani nasahau hata ninachojua. "Yule asiyeongea ndiye atauliza," ulisema. Nikawa nasimama pale langoni kila Jumanne na Jumamosi, maski mpaka machoni, nikiuliza kwa sauti ya kuku aliyenyeshewa: Unakohoa? Una homa? Unasikia harufu? Wiki ya tatu sauti ikaanza kutoka. Uliisikia. Ulikuwa unasimama karibu ukijifanya unafunga wavu.

Sasa ile Jumamosi.

Unajua ni nini kilikuwa kimetokea Jumanne kabla yake. Ulibandika majina kwenye mlango wa stoo, ya mechi ya kirafiki na wasichana wa Ishiara, mechi ya kwanza tangu ugonjwa uingie. Miaka miwili nimekuwa mtu wa kuokota mipira kwenye majani chai. Nikasoma kutoka chini kwenda juu, kwa sababu jina langu likiwepo huwa chini. Halikuwepo chini. Lilikuwa juu, kwenye nafasi ya anayewainulia wengine mpira: Seta, Wawira. Hukuwa umeniambia nyumbani. Uliniacha nisome kama wengine wote, nikakupenda kwa hiyo, Baba. Sikukuambia. Tulikula githeri usiku huo kama siku zote.

Jumamosi nikawauliza wote kama kawaida. Mimi hujiuliza wa mwisho. Nikavunja jani, nikasugua, nikanusa. Nikadhani limezeeka. Nikavunja lingine bichi kabisa, nikalisugua mpaka vidole vikawa kijani. Kendi akaita kutoka kwenye mduara wake, "Wawira, unanusa ama unakula?" Wote wakageuka kuniangalia. Ukageuka na wewe. Ukainua nyusi, vile huwa unauliza kama mambo ni sawa.

Nikainua kidole gumba.

Niliona jina langu mlangoni likifutwa. Niliona siku kumi na nne za wasichana wote wakijua ni nani aliyewanyima mechi. Niliogopa macho yao, Baba. Ni hivyo tu. Ningependa kukuambia sababu kubwa kuliko hiyo lakini sina.

Mapumziko yalipofika, uji ulikuwa umeungua. Ilikuwa zamu ya Kendi kupika. "Kendi, huu ni uji ama ni lami ya barabara?" "Kunyweni, moshi ni dawa ya kifua." Kila mtu alikuwa anakunja uso, na mimi sikuwa nimesikia moshi wowote. Hapo ndipo nilijua kabisa. Si jani. Ni mimi. Na nilikuwa nimesahau kikombe nyumbani, ukanipa chako. Nikakuangalia. Wewe, mwenye sheria zote, ukasema, "Sisi ni nyumba moja, hii haihesabiki." Nikanywa nusu. Ukamaliza iliyobaki. Nilikuwa na neno mdomoni muda wote huo, neno moja tu, "Usinywe," na mdomo wangu ukakaa vile hukaa.

Jumatatu Mama akakutuma Ishiara kununua ndengu, kwa sababu za kule huiva haraka. Jumanne mvua ilitufungia uwanja, hakukuwa na mazoezi. Alhamisi ukaanza kukohoa. Ile Jumamosi ya mechi ndiyo ulipelekwa hospitali Embu kwa gari la jirani, madirisha yote wazi, umevaa maski mbili. Kabla jirani hajawasha gari uliniita dirishani. Nilifikiri unajua. Ukasema, "Waambie wasichana wakae nyumbani siku kumi na nne. Andika kwa daftari."

Hicho ndicho kitu cha mwisho ulichoniambia. Nilikiandika.

Wiki mbili. Mama alikuwa anakaa kwenye nyasi nje ya lango la hospitali na kikapu cha chakula, hawamruhusu kuingia. Alirudi nacho kila jioni kikiwa kimejaa. Siku aliyorudi bila kikapu sikuhitaji kuambiwa.

Nikuambie vile ilikuwa, kwa sababu najua ungetaka kujua. Watu waliovaa nguo nyeupe mpaka kichwani ndio walikubeba. Mazishi hayakufika hata saa moja. Hatukukuona uso. Hakukuwa na maombi ya jioni, hakukuwa na majirani kujaa jikoni wakipika chai, zile kelele za watu zinazofanya mtu asianguke. Walikaa mbali, wengine barabarani. Wasichana wako walisimama kando ya majani chai, na hakuna aliyewapanga, Baba, lakini kila mmoja alikuwa hatua mbili kubwa kutoka kwa mwenzake. Kendi alikuwa analia bila kuinua mkono kujifuta, kwa sababu uliwakataza kugusa uso.

Na pale kaburini pua yangu ikafunguka. Kitu cha kwanza nilichosikia harufu yake baada ya siku zote hizo kilikuwa udongo.

Hakuna mwingine aliyeugua. Hakuna hata msichana mmoja, hata nyumba moja ya msichana mmoja. Miduara yako, vikombe, karai la sabuni, vilifanya kazi. Viliwalinda wote waliovifuata.

Najua vile ungenijibu. Ungesema tulikuwa tunalala nyumba moja, tunapumua hewa moja, hata bila kikombe ungeweza kuupata. Najiambia hivyo. Labda ni kweli. Nesi mmoja alimwambia Mama kwamba hakuna anayeweza kujua ugonjwa ulitoka wapi. Mimi mwenyewe sijui niliutoa wapi, labda kanisani, labda kule kusuka nywele. Lakini nilijua ninao, na wewe hukujua. Ningesema, ungelala chumba kingine. Ungeenda hospitali mapema. Ungekuwa na siku tano.

Lakini si hilo lililonifanya nichukue kalamu. Ni Mama.

Mama anasema ni yeye. Kila mtu akija kutupa pole anaanza upya: "Ni mimi nilimtuma Ishiara. Alikuwa mzima. Ni mimi na ndengu zangu." Amemwambia pasta, amewaambia akina mama wa kanisa, juzi alimwambia mtu ambaye alikuja tu kuuliza njia. Zile ndengu alizimwagia kuku, na alipoziona zimeanza kuota nyuma ya boma alizing'oa kwa mikono, moja moja, mvua ikimnyeshea. Hapiki tena chakula cha kunukia. Anakula akisimama. Jioni namsikia akihesabu: Jumatatu sokoni, Jumanne, Jumatano, Alhamisi kikohozi. Anahesabu halafu anasema jina lako.

Na mimi namwangalia, Baba. Mimi ndiye mtu mmoja tu duniani ninayejua kwamba ugonjwa ulikuwa ndani ya nyumba hii tangu Jumamosi, siku mbili kabla hujaona soko la Ishiara. Neno langu moja lingemtoa kwenye lawama hiyo. Na nimenyamaza miezi mitatu. Aibu yangu nimeiacha mgongoni mwake aibebe kama kikapu cha majani chai.

Jana Kendi alikuja. Alisimama nje ya mlango na maski yake, daftari mkononi, lile lile nililompelekea baada ya mazishi. Chifu amekubali tuanze tena Jumanne, polepole, kama ulivyofanya wewe. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi atatusimamia. "Lakini maswali ni yako," Kendi akasema. "Hatutaki mwingine. Mzee alikuamini." Nilishika mlango. Akaniuliza, "Wee, mbona unanitazama hivyo? Nimekosea?" Nikasema hapana. Nikasema kichwa kinaniuma. Uongo mwingine, ona.

Aliniachia daftari, na alipoenda nilifungua ule ukurasa. "Ndiyo" yangu imeandikwa vizuri sana. Herufi zimesimama, hakuna mahali kalamu ilisita. Hiyo ndiyo imeniumiza kuliko yote.

Siwezi kushika daftari hilo Jumanne kabla sijasema. Nimejaribu kusema kwa mdomo. Jana usiku nilifika mpaka mlango wa jikoni, Mama akauliza, "Nini, mwanangu?" nikasema nimekuja kuchukua chumvi. Leo nimejaribu kwa kalamu. Tangu saa nane niko hapa, na kila nikisikia lango nasukuma karatasi hii chini ya kitabu cha Kemia. Mara mbili ilikuwa upepo. Mara moja ilikuwa mbuzi wa jirani.

Nakuahidi hivi, Baba. Nitamwambia Mama, na baada ya Mama nitamwambia Kendi, na wasichana wote, nikiwa nimesimama pale langoni wakiniangalia. Wakiniambia nisicheze, sitacheza. Wakinipa daftari tena, nitajiuliza mimi wa kwanza, kwa sauti, kila mtu asikie jibu, na jibu likiwa hapana nitageuka nirudi nyumbani. Sijui kama umenisamehe. Sikuombi unijibu. Nimekosa kukuona uso, kwa hivyo nakuaga hapa kwenye karatasi: nenda salama, Kocha wetu. Nenda polepole, baba yangu. Nilikupenda nikiwa nimenyamaza, na hilo ndilo

Lango limelia.

Si upepo. Ni buti za Mama, ametoka kuchuma chai, najua vile anavyoburuta mguu wa kushoto akichoka. Ameweka kikapu chini. Anaita, "Wawira? Uko?" Anasoma Kiswahili polepole, akisogeza midomo. Itamchukua muda mrefu, na nitakaa hapa muda huo wote.

Anavua buti mlangoni.

Nimeitika. Karatasi naiacha katikati ya meza, na mikono yangu naiweka magotini.