Tangi la Chini na Godoro la Shemeji

Jumanne, 18 Machi. Asubuhi joto kavu, vumbi limetanda mtaa wote wa Munuki, hakuna upepo.

Leo simpendi shemeji yangu. Naandika hivyo kwa sababu kanisani sitaweza kusema hivyo.

Maji ya tangi langu la samaki hushuka kwa bomba hadi tangi dogo chini ya meza, yanachujwa, kisha pampu inayarudisha juu. Umeme ukikatika pampu inasimama, lakini maji ya juu yanaendelea kushuka mpaka usawa wake ufike chini ya mdomo wa bomba. Tangi la chini lazima liwe na nafasi ya kuyapokea.

Nilizima pampu mwenyewe nikakinga kwa beseni kujua ni maji kiasi gani. Nikaona tunahitaji tangi kubwa la chini. Kwa joto hili maji hupungua kila siku. Ukiweka machache kwenye tangi dogo, pampu inanyonya hewa. Ukiweka mengi, yanaishia sakafuni.

Shemeji, kaka wa mume wangu, alikuja kulala sebuleni kwa wiki moja. Ni mwaka sasa. Alisema tangi kubwa litabana godoro lake, akaleta dogo kutoka soko la Custom. Akanicheka mbele ya majirani: mama samaki, hata unga wa posho anapima kwa rula.

Nilikubali ili nyumba itulie.

Nyumba haikutulia.

Leo mchana boza la maji lilipita nikiwa dukani. Hapa boza likija kila mtu anajaza alichonacho: mapipa, sufuria, ndoo za kuogea. Shemeji akajaza vyote, na tangi la chini pia, hadi ukingoni, juu ya mstari niliouchora kuonyesha maji yaishie wapi. Kwake ni chombo kama vingine.

Umeme ukakatika saa kumi. Nilifika nikakuta sebule ni dimbwi, pampu kimya, samaki wamejibana juu wakitafuta hewa. Nikawa nayachota maji kwa kikombe na kuyamwaga tena tangini ili wapumue, hadi mkono ukafa ganzi. Yeye alikuwa ameinua godoro lake linalochuruzika.

"Maleesh, si kitu, ni maji tu," akasema. Kisha, "Lakini samaki yako imekojolea godoro yangu. Sasa chagua, mama samaki. Hao ama mimi."

Alikuwa na hakika ya jibu.

Nilimpigia simu mume wangu, aliye mji wa Nimule. Akasema nyumba ninaiendesha mimi, niamue.

Samaki wote wako hai. Umeme umerudi.

Shemeji amelala kwa jirani, godoro liko uani kwenye kamba. Nimechukua rula nikapima pale lilipokuwa. Tangi kubwa linaingia, na nafasi inabaki.

Nalala sasa, saa tano na nusu usiku.