Magome ya Mgunga na Kiondo cha Mwende

Jumatatu, 11 Agosti 1986
Nimesokota mkonge pajani, nyuzi nne tu, vidole vikagoma. Vimevimba, vinawaka moto. Kiondo, kikapu cha harusi cha binti yangu Mwende, kimefika nusu na harusi ni tarehe 30. Hapa Matinyani mama hampeleki binti kwa watu na kiondo cha kununua. Wifi yangu Kalekye eti atanimalizia. Atanimalizia! Asikiguse.

Jumanne, 12 Agosti
Kliniki, mjini Kabati. Daktari amenipa vidonge. Baridi yabisi, kasema: askari wa mwili wanashambulia viungo vya mwili huohuo. Basi wangu wamelewa. Jioni Mwende amefika kutoka Matiliku, anakofundisha bayolojia. Raha tupu!

Jumatano, 13 Agosti
Nimechemsha magome ya mgunga ya kutia nyuzi rangi. Yalipopoa kidogo nikatia mkono kugeuza. Maumivu yakapungua! Nimemwambia Mwende, akafurahi kama amepewa ng'ombe. Kwenye magome mna flavonoidi, kemikali za mimea, anasema. Nyingine ndizo zinazotia maua rangi, na wataalamu wanachunguza zinavyowatuliza hao askari. "Lakini mwaitu, mama yangu, hatuamini tu. Tunapima." Kwa hiyo mkono wa kulia kwenye maji ya magome, wa kushoto kwenye maji moto matupu, asubuhi na jioni. Vidole anavipima kwa uzi. Vidonge niendelee navyo, na hayo maji nisithubutu kuyanywa.

Jumapili, 17 Agosti
Kanisani na mkono mmoja mwekundu kama chungu. Kina mama wa kwaya wamecheka mpaka pambio likakatika. Mchungaji ameniita pembeni: je, nimeenda kwa mganga? Nimemwambia ni bayolojia. Hakuridhika. Shauri yake.

Jumatano, 20 Agosti
Uzi unasema wa kulia umepungua. Wa kushoto bado mnene. Nimeudhika. Kusuka kunataka mikono miwili! Mwende alipoenda kuteka maji, nikautumbukiza wa kushoto pia kwenye magome. Karudi, kakuta umeshika rangi. Amenigombeza kama mtoto wa darasa la tatu. Sasa hatutajua lolote, kasema. Nimeona aibu. Sijajuta.

Jumatatu, 25 Agosti
Mikono yote miwili imepungua. Magome? Vidonge? Joto la maji? Mwende anakataa kusema, bado amenuna. Mimi nasuka. Nimeimba kutwa.

Alhamisi, 28 Agosti
Pupa yangu. Nimesuka siku tatu bila kupumzika na vidole vimevimba tena. Imebaki mistari mitatu. Nimelia kabisa. Kalekye amepita, akakitazama kiondo, akaenda zake. Afadhali angesema.

Ijumaa, 29 Agosti
Asubuhi Mwende ameketi mkekani kando yangu bila kuitwa. Tangu utotoni alikataa kujifunza kusuka. Kwake ni vitabu tu. Leo nimekishika kiondo kwa viganja, yeye akasuka, nami nikamwonyesha kwa kidevu uzi wa kupitisha. Tumecheka sana. Mistari mitatu imetuchukua mchana kutwa.

Imelegea, na mmoja umepinda. Mimi nimewafumulia wanawake wa kikundi chetu kizima cha kusuka mistari mizuri kuliko hiyo. Nimeitazama kwa muda. Kisha nimemwambia akate nyuzi, afunge.