Sifuri Niliyokupa, Mzee Bilali

Mzee Bilali,

Shikamoo. Najua huitikii, lakini ningeanzaje bila shikamoo, nawe ulishanitoa kwenye banda la mapokezi siku niliyoingia bila kukuamkia?

Nimepanda cheo tena. Wakimbizi wote wanaoshushwa na boti hapa Kigoma, mapokezi yao sasa yako chini yangu. Nina ofisi yenye feni. Barua ya uteuzi niliisoma nikaona aibu, maana kazi hii ulinifundisha wewe.

Unakumbuka vitambaa? Boti ikifika, kabla hujaandikisha mtu hata mmoja, ulikuwa unachana kitenge na kuifunga kila familia kipande cha rangi moja mkononi. Ukiwasalimu kwa Kirundi: "Amahoro, mama. Hesabu wanao." Mtoto akipotea, rangi inamrudisha kwao.

Ikaja nafasi moja ya mafunzo ya usimamizi wa miradi. Mkubwa wetu alikupa wewe, wewe ukaniachia mimi. Ulisema, "Nenda, mwanangu. Ukirudi utanifundisha."

Mafunzo yalikuwa mazuri, siwezi kuyasingizia. Nilijifunza kupanga kazi, kuiona hatari kabla haijafika, kuandika ripoti ambayo wafadhili wanaielewa. Hata vitambaa vyako nilivieleza darasani, wakanipigia makofi. Jina lako sikulitaja. Nikarudi na cheti, vyeo vikafuatana. Na kukufundisha? Kila wiki nilisema wiki ijayo.

Kisha ukaomba usimamizi wa mapokezi, nami nikawa mmoja wa watatu waliokusaili. Ulikuja na shati lililopigwa pasi hadi kola imesimama. Wakakuuliza bango kitita ni nini. Jedwali tu la malengo na shughuli, Mzee, ningekuonyesha kwa mchana mmoja. Ukanitazama. Hukuwa na hasira, ulikuwa unangoja nikusaidie. Nikainamisha kichwa, nikaandika sifuri kama wenzangu.

Wakamchukua mtu mwenye cheti. Vitambaa havikuwemo kwenye mpango wake, akavifuta. Haukupita muda, mama mmoja akamtafuta mwanawe siku mbili nzima kwenye mahema. Aliyempata mtoto ni wewe, na kifua kile kilichokuondoa duniani kilikuwa kimeshaanza kukubana.

Kinachonitafuna zaidi ni Bi Mwajuma, mkeo. Msibani kwako alinishika mikono mbele ya watu, akasema, "Huyu ndiye Bilali aliyekuwa akijivunia." Nikanyamaza. Kunyamaza nimeshazoea, si uliona mwenyewe?

Vitambaa nimevirudisha, vimo kwenye mpango, na jina lako limo. Wafanyakazi wanaopanga foleni za wakimbizi nawafundisha kila Jumamosi, bango kitita na yote. Hayo mepesi. Ijumaa baada ya swala naja Ujiji, nyumbani kwako. Nitamwambia Bi Mwajuma ni akina nani waliokusaili, na mimi niliandika nini. Akinifukuza nitaondoka, haki yake.

Mungu akulaze pema, Mzee wangu. Nakuahidi, safari hii sitainamisha kichwa.

Mwanafunzi wako,
Neema