Supu Katika Sufuria ya Ugali

Mama,

Nimechoka. Naanza na hilo kwa sababu ungekuwepo ungelijua kabla sijafungua mdomo, ungesema tu, "Hebu keti kwanza." Basi nimeketi. Niko kwenye kiti chako, hapa hapa nyumbani kwako Maringo, miguu nimeiweka juu ya ndoo.

Tangu tukuzike, watu hawajaacha kuleta sukari. Unajua kwetu hakuna anayeenda matangani mikono mitupu. Wamama wa kanisa walileta paketi za sukari, majirani wakaleta unga na mikate. Sukari ndiyo iliyokuondoa, Mama, na sasa imejaa kabatini mwako hadi mlango haufungi. Nilipouona ule mlango nilicheka, kisha nikalia, hadi mwanangu Neema akaacha vyombo akaja kunishika.

Baada ya mazishi nilienda kupimwa. Sikutaka, ila nilikuwa nanywa maji vile ulivyokuwa ukinywa wewe. Sista wa kliniki akasema sukari yangu imeanza kupanda. Haijafika yako ilikofika, lakini imeshika njia. Nyanya, kisha wewe, kisha mimi. Niliogopa sana. Nikamwambia nataka kuacha ugali, chapati, viazi, hata matunda, nile nyama, mayai, samaki na mafuta tu. Akasema kwa vile bado sijaanzishiwa dawa, na presha yangu iko sawa, nijaribu, mradi nisikose kwenda kupimwa. Usoni alionekana wazi haamini nitaweza.

Na kweli nilikaribia kushindwa. Kichwa kiliuma, miguu ikalegea, halafu hasira. Mama, hasira! Kule kiwandani Industrial Area ninakoshona ovaroli, nilimfokea msichana wa watu kwa ajili ya mkasi, na mkasi wenyewe haukuwa wangu. Saa ya chakula wenzangu wakinunua chapo madondo, chapati na maharagwe, mimi natoka nje kusimama getini na mayai yangu ya kuchemsha, nisije nikamnyang'anya mtu sahani. Sista akaniambia mwili unapoteza maji na chumvi, ninywe supu ya mifupa iliyotiwa chumvi, nisiogope mafuta, nilale mapema. Nikawa napitia buchari kila jioni. Yule mwenye buchari, ambaye hata wewe ulikuwa humwezi kwa maneno, akaniambia, "Mathe, leo tena mifupa? Si uwaachie mbwa kidogo." Nilicheka njia nzima, nikajua hasira imeanza kuondoka.

Siku hizi nina nguvu. Si za kuruka, ni za kunitosha. Natembea hadi kazini na kurudi, mchana sisinzii kwenye cherehani, mkono hautetemeki njaa ikija. Na nimetulia. Nimetulia mpaka wakati mwingine naogopa, kwa sababu sijui kama ni chakula au ni machozi yaliyonikauka.

Lakini kueleza watu, Mama, ndiko kunakonichosha. Wewe mwenyewe usingenielewa. Unakumbuka ulivyokuwa ukinipiga kidole nikidokoa nyama bila ugali? "Nyama ni ya kusindikizia. Mlafi wewe!" Sasa nakula visindikizio vitupu, na kila nikinyoosha mkono kwenye sahani kidole kinangoja kofi. Wamama wa kanisa waliposikia sili ugali, walidhani nimeamua kukufuata. Walikuja wakaniombea, wakaimba, na wakiondoka wakaacha unga mwingine.

Jumamosi Mama Mdogo Rispa alikuja kutoka Kakamega ili tuanue matanga. Nilipika mimi, kwa sufuria yako na mwiko wako, nikasonga hadi kwapa likauma, na kando nikajiwekea kikombe changu cha supu ya mifupa. Unajua desturi ya nyumba yako: hakuna anayegusa ugali kabla kifungua mimba hajamega tonge la kwanza. Watu wakanawa, wakaningoja. Mama Mdogo alikuwa ameshasikia habari zangu. Akasema mbele ya wote, "Dada yangu hakuzaa fisi wa kula nyama tupu. Mega, umheshimu mama yako."

Sikuwa na nguvu za kugombana. Nilimega. Nikalifinyanga, nikabonyeza kwa dole gumba ulivyonifundisha, nikachovya kwenye mchuzi. Lilikuwa moto na lilinukia wewe. Mama, nililitaka. Nililitaka kuliko chochote nilichowahi kutaka tangu uondoke, na si kwa njaa. Nikalishika pale mkononi, halafu nikaliweka kwenye kiganja cha Mama Mdogo. Nikamwambia, "Kula wewe kwa niaba yangu. Mimi nataka kumlea Neema."

Nilidhani atanitupia. Hakula wala hakulitupa. Alilitazama mpaka mchuzi ukamtiririka kwenye mkono. Kisha akaniambia kwa sauti ndogo, "Na mimi wameniambia ni sukari. Tangu kabla ya mazishi. Nimepewa vidonge, nikaogopa kumwambia mtu." Akaliweka tonge pembeni ya sahani. "Nipe hiyo supu yako nionje."

Tulikunywa kikombe kimoja, tukipokezana. Wengine wakala ugali wao, na waliusifu.

Jumatatu nitampeleka kwa sista. Nimemkataza kuacha chochote mwenyewe, kwa vile yeye anameza vidonge. Amekubali, huku akinung'unika kama kawaida yenu nyote wawili. Usiku analala kitandani mwako na anakoroma vilevile ulivyokuwa ukikoroma. Sukari ya kabatini tumeipeleka kanisani, watakunywa chai walio wazima.

Sufuria yako sitaigawa. Nimeisugua, na sasa hivi mifupa inachemka ndani yake. Naomba usikasirike.

Kwaheri, Mama. Nakuahidi nitakula hivi hata siku nitakazochoka, na nikiteleza nitaanza tena, na Mama Mdogo sitamwacha peke yake na vidonge vyake. Nimekukosa sana. Lakini usinitandikie kitanda huko bado.

Mwanao,
Ayuma