Ubavu wa Kushoto

Somo yangu mpendwa,

Nimeolewa! Hina bado imekolea mikononi, na Idrisa wangu yuko uani anakuna nazi huku akiimba vibaya, ati bibi harusi hapiki mpaka siku saba ziishe. Nina furaha mpaka naona haya.

Wewe uliyenifunda tangu nilipovunja ungo, unaikumbuka siku ya tatu baada ya kuniweka ndani, kule kwetu Kaole? Ulikuwa ukinisinga mgongo kwa liwa, ule msandali wa kusagwa. Uliponilaza ubavu wa kushoto, pumzi ikakata, macho yakaingia kiza. Shangazi Mwanaidi akaangua kicheko.

"Jamani, bwana hajamgusa, huyo keshazimia! Hofu ya harusi hiyo."

Nami niliamini. Miezi yote ile niliyokuwa nikihema kwa kubeba ndoo moja, nilijiambia ni mapenzi.

Wewe hukucheka. Ukanigeuza kulia, pumzi ikarudi. Ukanirudisha kushoto, ikakata tena. Ukanawa mikono.

"Hofu haichagui ubavu, Mwanaidi. Mwanangu huyu anakwenda hospitali. Harusi ingoje."

Kumtoa mwali ndani kabla ya siku yake! Watu walisema, ukawaacha waseme. Ulinivisha baibui ukanipeleka mwenyewe Dar.

Picha ya moyo ilionyesha uvimbe laini ukining'inia katika chumba cha juu, kushoto, ukicheza kwa kila pigo. Nikilala upande ule, ulikuwa ukiziba njia ya damu. Daktari alisema ni nadra na si saratani, lakini ukiachwa ungeweza kuniua ghafla. Wakanipasua kifua, mashine ikashika kazi ya moyo wangu, wakautoa wote. Idrisa aliposikia habari ya kovu akasema, "Basi nitajua pa kuanzia kubusu." Ukamfinya sikio!

Kisha homa ya siku mbili ikakuchukua, nami sijaruhusiwa hata kutoka kitandani. Sikukuzika, Somo. Hilo linauma kuliko kovu.

Waliponiweka ndani tena, Shangazi Mwanaidi ndiye aliyeshika liwa. Alipofika kwenye kovu akalipita bila kuligusa. Nikageuka mwenyewe, ubavu wa kushoto. Wote chumbani wakainama kusikiliza. Nikavuta pumzi ndefu, ikafika mpaka chini.

"Mgongo huu," Shangazi akasema huku akilia, "somo yako aliuacha nusu." Akaumalizia.

Mungu akulaze pema. Nami kila nilalapo kushoto, nakuombea.

Mwali wako