Hatamu Niliyomchagulia Perle

Bwegera, uwanda wa Ruzizi,
Jumapili, tarehe 21 Aprili 2024

Mjomba mpendwa Bonaventure,

Nakuamkia kwa heshima zote, wewe na Mama Josée na wote wa nyumbani kwenu Lubumbashi. Goti lako je? Mara ya mwisho ulisema baridi ya asubuhi inakuingia mpaka mfupani, na kwamba huwezi tena kuinama kumsafisha farasi kwato bila kushika ukuta wa zizi. Naomba uwe umepata nafuu, na wale wa kilabu cha farasi wawe wamekupa mtu wa kukusaidia. Sisi tunapumua, Mungu ashukuriwe, ingawa si wote tuko wazima kama tulivyokuwa mwezi wa pili.

Barua hii nampa Blandine, mwalimu jirani yetu. Anapanda meli ya Kalemie wiki hii, na kutoka huko ataendelea mpaka kwenu. Utajiuliza kwa nini sikupiga simu. Nilipiga mara mbili. Kila ulipoitika nilianza na habari za mvua, halafu maneno yakaniishia nikasema mtandao unakatika. Haukuwa unakatika.

Mvua yenyewe imetutesa kweli. Mpunga wa mashamba ya chini umelala ndani ya maji, na njia ya kwenda vijiji vya ng'ambo ya mfereji imekuwa tope tupu. Moto, hizi pikipiki zetu, zinazama hadi ekseli. Mtoto wetu Délice ametimiza miezi minane, ana meno mawili, na akikuona unakula anafungua mdomo kama kinda la ndege.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Mjomba, nilikudanganya.

Unakumbuka mwaka jana, mapadri walipompa mume wangu Niyongabo yule farasi jike, Perle, ili apeleke chanjo za kituo cha afya kule ambako moto hazifiki. Ulinipigia siku ile ile. Ulisema, "Pélagie, nimeona picha yake. Kichwa chake ni kidogo. Usinunue hatamu kwa macho. Pima kwanza." Nikaitika ndiyo, Mjomba. Sikupima. Kupima kulitaka nisimame mbele ya uso wake, nipitishe kamba nyuma ya masikio yake, nitie kidole mdomoni mwake, na wewe unajua tangu utoto naogopa mnyama mkubwa kuliko mimi.

Nilishuka Uvira, nikaenda Kimanga kwa Pitchou, yule anayeuza mikanda na mabegi ya mtumba kutoka Bujumbura. Alikuwa na hatamu kadhaa zilizoning'inia msumarini. Nilichagua ile nene, yenye bizimu za kung'aa, kwa sababu ilinipendeza. Ilikuwa ya farasi mkubwa. Nilijiambia: nimeshona ngozi miaka tisa kule Kasenga, ngozi iliyozidi si tatizo, unaongeza matundu. Nikachukua msharasi wangu nikatoboa, nikatoboa tena, mpaka bizimu zikapanda karibu na masikio. Bado lijamu, kile chuma chake, lilining'inia mdomoni kama kijiko kwenye kikombe kikubwa, likigonga meno yake ya mbele.

Ulipoomba picha, nilifunga uzi nyuma ya shingo, chini ya manyoya, nikavuta kila kitu juu. Ulitazama ukasema hapo sawa, ukanisifu. Baada ya picha nilikata uzi ule kwa sababu ulikuwa unamkata ngozi. Niyongabo alisema hatamu inacheza kidogo. Nilimjibu kwamba farasi ataizoea.

Haya, sikiliza yaliyotupata Alhamisi moja ya Machi.

Wifi yangu Marie-Rose alikuwa amejifungua ng'ambo ya mfereji, na Niyongabo alikuwa anapeleka chanjo upande huo huo. Niliondoka naye, yeye juu ya Perle, mimi kwa miguu, Délice mgongoni. Tulipofika kwenye kivuko, maji yalikuwa yamepanda mpaka mapajani. Niyongabo akaniambia, "Iko maji mingi. Weye panda nyuma yangu, shika mukanda wangu. Haiko mbali."

Sikutaka. Lakini mtoto mgongoni na maji yanayokwenda kasi, nikaona afadhali farasi. Nilipanda nikafumba macho.

Tulivuka salama, Mjomba. Ndiyo maana nilifumbua macho. Perle alipokanyaga tuta la upande wa pili, nzi mmoja mkubwa alimuuma chini ya jicho. Alitikisa kichwa mara moja, kwa nguvu, kama mtu anayekataa. Hatamu yote ikateleza juu ya masikio yake ikaanguka mbele. Lijamu likatoka mdomoni. Niyongabo akabaki ameshika kigwe, kamba ya kuongozea, kisichoshika kitu.

Mikanda, ikining'inia shingoni kwa kigwe, ikaanza kumpiga Perle miguuni, na kila ilipompiga alizidi kukimbia. Alifuata tuta, upande mmoja mfereji, upande mwingine mashamba. Wewe unaijua njia hiyo inaishia wapi. Inaishia kwenye mto Ruzizi, pale mfereji unapomwaga maji, pale watu walipoacha kuchota kwa sababu ya mamba.

Niyongabo alilala juu ya shingo ya Perle, akashika manyoya kwa mkono mmoja na pua kwa mkono mwingine, akawa anamwambia pole pole kwa Kirundi, kama anavyowaambia watoto wanaoogopa sindano. Halafu akanipigia kelele niruke. Nilisikia vizuri. Sikuruka. Mtoto alikuwa mgongoni, na kila nilivyopima moyoni namna ya kuanguka, niliona naangukia mgongo. Nilishika mkanda wa mume wangu mpaka kucha mbili zikang'oka. Niliona nyasi ndefu za mtoni zinakuja. Nilikuwa nimeacha kusali. Nilikuwa nasema jina la mtoto tu.

Perle alikanyaga kigwe chake mwenyewe. Akaanguka kwa magoti. Niyongabo akatupwa mbele, akapiga bega kwenye jiwe la mfereji, akaingia majini. Mimi niliteleza ubavuni nikakaa kwenye tope. Wala sikugeuka kumtazama mume wangu, nakiri. Nilisikiliza mgongo wangu. Mgongo ulikuwa kimya.

Mjomba, kimya kile bado nakisikia. Mikono yangu haikuweza kufungua fundo la kanga. Mzee mmoja, jina lake Itangishaka, alikuwa anasafisha mtaro wa mpunga wake karibu hapo. Alikuja anakimbia na jembe, akanyoosha mpini ndani ya maji, akamvuta Niyongabo mpaka ukingoni, kisha akanijia mimi. Alifungua lile fundo yeye. Délice alikuwa amejaa tope usoni, macho wazi, anatutazama. Mzee akampangusa pua kwa kidole, akampuliza usoni, ndipo mtoto akapiga ukelele.

"Analia, mama," mzee akasema. "Iko muzima. Mwache alie."

Mtulinga wa bega la kushoto la Niyongabo ulivunjika. Walimfunga, wakasema wiki sita. Délice hakuwa na hata mchubuko. Perle tulimkuta amesimama hatua chache tu kutoka tulipoangukia, anatetemeka mwili mzima, damu kwenye pembe za mdomo.

Siku zilizofuata majirani walikuja kutoa pole, na kila mmoja alisema farasi auzwe. Nami nilisema hivyo hivyo, kwa sauti kuliko wote. Kulikuwa na mtu wa Sange aliyemtaka kwa kuvuta mkokoteni. Siku ya tatu nilimwambia Niyongabo, "Baba Délice, huyu mnyama atatuua. Mtu wa Sange anakuja kesho."

Alikuwa amekaa mkekani, mkono kifuani. Akasema, "Farasi hakukosea kitu."

Basi nikalia, nikamweleza yote: kwamba sikupima, kwamba nilitoboa matundu kuficha, na ule uzi wa kwenye picha. Nilifikiri atanifukuza. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Minye niliona iko kubwa. Kila siku niliona. Na nilipanda, nikakupandisha weye na mtoto." Mtu wa Sange alipokuja, tulimpa chai akarudi kwake.

Wiki ya nne habari zikaja kwamba surua imeingia ng'ambo. Watoto watatu wamelala, mmoja hali mbaya. Moto haipiti, na muuguzi mwenzake Niyongabo hajawahi kupanda farasi. Nilijua Niyongabo atakwenda, mfupa umeunga au haujaunga. Nilijua pia kwamba kupima ni kazi yangu.

Nilikwenda kwa Perle asubuhi na kamba ya katani na kipande cha mkaa. Nilisimama hatua tano kutoka kwake, sijui kwa muda gani. Alikuwa anakula. Nilisogea, nikarudi nyuma, nikasogea. Nilipompitishia kamba kutoka pembe moja ya mdomo, juu nyuma ya masikio, mpaka pembe nyingine, pumzi yake iliniingia shingoni nikahisi mkojo unataka kutoka. Nakuandikia ukweli, usimwambie Mama Josée. Nilitia alama ya mkaa. Nilipima paji la uso, nikapima pua. Kwa mdomo nilitumia kijiti nilichokilainisha, nikaweka alama pande mbili pale midomo inapokutana nacho. Hakuniuma. Alikilamba.

Kumbe kichwa chake ni cha ajabu. Mdomo ni mwembamba, mashavu mafupi, lakini paji la uso ni pana kama la farasi mkubwa. Hilo nisingelijua kwa macho hata miaka kumi.

Nilirudi Kimanga. Pitchou aliposikia nataka ndogo, alicheka, akaniwekea mbele nyingine nzito, mpya kuliko ile ya kwanza. "Mama Délice, hii iko ngozi ya Bulaya. Ile ndogo iko ya mbuzi."

Nikamwambia, "Baba, leo sichagui mimi. Inachagua kamba hii." Nikatandika hatamu zake moja moja juu ya meza nikazilinganisha na alama zangu. Ile nzito ilizidi kamba kwa kiganja kizima. Ya pili ilikuwa ya nailoni, urefu karibu sawa, lakini lijamu lake lilizidi kijiti pande zote mbili kwa upana wa kidole. Ile ndogo aliyoicheka, ya zamani, rangi imetoka, ililala juu ya kamba bizimu zikakaa katikati ya matundu, si juu si chini. Lijamu lake lilizidi kijiti kidogo tu, kama punje ya mpunga kila upande. Ila mkanda wa paji la uso ulikuwa mfupi, ungemkaba masikio. Nikamwomba Pitchou anifungulie wa ile nzito. Alinuna, lakini alinipa.

Ngozi ya mashavuni ilikuwa imekauka na kupasuka. Niliikata yote nikashona mpya, mishono miwili, uzi wa nta, na kila mshono niliuvuta kwa uzito wa mwili wangu. Nilipaka mafuta siku tatu mpaka ikalainika.

Kisha nikamvisha, Mjomba, mimi mwenyewe, kwa kuwa Niyongabo ana mkono mmoja. Nilifanya ulivyosema tangu mwanzo: ngumi yangu ikapita kati ya mkanda wa koo na shavu lake, vidole viwili vikapita chini ya mkanda wa pua, mkunjo mmoja mdogo kwenye pembe ya mdomo, masikio huru. Halafu nikashika mikanda ya mashavu nikaivuta mbele kwa nguvu zangu zote, nikijaribu kuivua. Haikuvuka masikio. Nikajaribu tena. Nilijaribu mara nyingi mpaka Niyongabo akasema, "Inatosha, Mama Délice. Utamuchosha."

Walivuka Jumanne iliyopita. Nilisimama ukingoni na Délice, safari hii nimempakata kifuani. Katikati ya maji korongo aliruka karibu na pua ya Perle, naye akatupa kichwa juu, akakitikisa kushoto na kulia. Nilikaa chini palepale. Niliona hatamu imekaa. Niliona mkono mmoja wa mume wangu umevuta kigwe kidogo, na Perle akageuza shingo akamfuata. Walipanda tuta, wakaingia mashambani, sikuwaona tena.

Nilikaa pale kutoka saa mbili mpaka saa tisa. Watu walipita wakanisalimu, sikumbuki niliwajibu nini. Kila unyasi uliotikisika niliona ni farasi asiye na mtu.

Walirudi wanatembea taratibu, sanduku la barafu tupu. Watoto arobaini na mmoja wamechanjwa. Yule aliyekuwa na hali mbaya amefungua macho na amekunywa uji. Niyongabo alishuka akaegemea ukuta, uso umempauka kwa maumivu ya bega, akasema hajasikia hatamu ikicheza hata mara moja. Nilikwenda kumvua Perle hatamu, nikaanza na bizimu za mashavuni. Aliinamisha kichwa mpaka usawa wa kifua changu, akakaa hivyo, akaningoja nimalize.

Mjomba, mimi bado naogopa. Kesho Niyongabo anakwenda tena. Wewe umekaa na farasi miaka thelathini. Nakuomba unisamehe kwa ile picha, na unijibu ukweli: hofu hii huisha, au mtu hujifunza tu kufanya kazi nayo?

Nisalimie sana Mama Josée, Bertrand na mkewe, na kaka Irakoze kama amerudi kutoka Likasi. Marie-Rose na kichanga chake wanakusalimu. Niyongabo anakupa mkono wake mmoja mzima. Bikira Maria akufunike, alipe goti lako nguvu, na atupe siku ya kukaa meza moja.

Ni mimi mpwa wako, nikupendaye kwa moyo wote,

Pélagie, Mama Délice