Halua ya Bi Meri

Azaiba, Jumatano, baada ya Magharibi

Si ningenyamaza tu! Leo Zuwena, binti wa kaka yangu, kaniletea kopo la halua.

"Ami, zawadi hii, niandikie juu yake jina la yule bibi wa Ayalandi uliyekaa kwake mwaka mzima. Ntafikia kwake, chumba cha chuoni nimekikataa."

Mwaka mzima! Mimi kile kijiji nilikipita kwa basi. Niliona daraja, kanisa, na bibi mmoja akianua nguo, akanipungia mkono. Ndiyo hayo tu. Kumfunza kupika pilau, ng'ombe wake kunililia nilipoondoka, hayo nimeyaongeza mwenyewe barazani.

Anasafiri Ijumaa. Nna hofu. Atalala wapi na baridi ile?

Na jina nimemwandikia: Bi Meri. Nalo nimelibuni papo hapo. Na kopo kaondoka nalo.